Opereta Mmoja

4 Februari

Mpwa wangu Mama Maswali,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, ila macho. Daktari anasema presha ya macho imekula sana upande wa kushoto, na wa kulia unafuata. Kabla ya mwaka kuisha nitakuwa natofautisha mchana na usiku, basi. Usianze kulia, bado naona vya kutosha kukuandikia. Wewe hujambo? Kile kifua kimepona?

Nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako. Pale maktabani, kwenye chumba cha magazeti nilichokitunza miaka thelathini na moja, siku hizi kuna kompyuta mbili, na mstaafu anapewa saa moja. Nikafungua hiyo kamusi elezo ya mtandaoni unayofundisha watu kuiandika. Ina makala ya mafuriko yetu. Wameandika hivi: "Meneja wa kituo cha simu alibaki peke yake kwenye mtambo kwa siku tatu, akiunganisha simu za waokoaji." Meneja yule alipanda juu ya paa siku ya kwanza na hakushuka. Aliyekaa kwenye mtambo, maji yakiwa magotini, ni mama yako. Wewe ulikuwa na miaka mitano, mgongoni kwangu, unauliza mama anarudi lini.

Nikafuta, nikaandika jina la dada. Kesho yake meneja karudi. Nikafuta tena, karudi tena. Mara ya tatu mtu mmoja anayejiita Bundi akaniandikia kwa adabu zote kwamba sina chanzo cha kuaminika, na kwamba wachangiaji wapya wanaruhusiwa kuomba msaada. Basi naomba. Nataka sentensi moja tu, niisome kwa macho yangu haya kabla hayajafunga duka.

Mjomba wako


18 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua imefika na nimelia kidogo, ingawa ulinikataza. Kifua kimepona. Nimeuliza hospitali ya huku kuhusu macho, wanasema dawa ni hizo hizo unazotumia.

Sasa, mwanafunzi wangu mpya, nisikilize. Kila Jumamosi nakaa na watu kama wewe kwenye chumba kilicho juu ya duka la fundi viatu, nyundo inagonga chini yetu, na narudia maneno yale yale. Kamusi elezo haiulizi nini kilitokea. Inauliza nani aliandika, nani alichapisha, na kama mwandishi hakuwa na lake jambo. Wewe ni kaka mtu, mimi ni mwana, kwa hiyo maneno yetu hayahesabiki, na undugu wetu inabidi tuutaje wazi. Wiki iliyopita mzee mmoja alileta kadi yake ya harusi iwe chanzo cha historia ya ukoo. Nilimkatalia, soda aliyoninunulia nikanywa.

Meneja naye ana lake jambo, maana chanzo walichokitaja ni kitabu cha kumbukumbu zake mwenyewe. Ila kimechapishwa, na hakuna maandishi mengine ya kumpinga. Lakini mama alikuwa akisema gazeti lilimwandika wiki ile ile, na picha juu. Wewe ndiye uliyetunza magazeti yote. Nipe tarehe na ukurasa, kazi imekwisha.

Mpwa wako


3 Machi

Marahaba mwalimu wangu,

Sisi wazima. Nakutumia kifurushi. Ndani kuna cheti cha utumishi cha mama yako na vile vipokea sauti alivyokuwa akivaa kazini. Kuna pia kurasa nne za Bi Kengele, opereta mwenzake, unamkumbuka, yule wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia. Ameeleza kila kitu, saa kwa saa, na kutia saini kila ukurasa. Mtu aliyekuwepo ana nguvu kuliko gazeti, au siyo?

Hilo gazeti tarehe yake siikumbuki. Halafu majalada ya zamani wameyashusha ghorofa ya chini, na ngazi zile kwa macho haya ni kutafuta kuvunjika kiuno. Tumia hivyo nilivyokutumia.

Mjomba wako


22 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini unaendelea vizuri na dawa unaweka kwa wakati. Nimeshika vipokea sauti. Sponji ya sikio moja bado inanukia mafuta yake ya nywele. Sikufanya kazi siku hiyo.

Hivyo vyote havifai, mjomba. Cheti kinasema aliajiriwa, hakisemi alikuwa wapi siku ile. Kurasa za Bi Kengele hazijachapishwa popote. Nimemwandikia kumweleza, kwa adabu zote kama Bundi, na baada ya kupeleka barua nilijichukia.

Limebaki gazeti. Nilienda kwenye hifadhi ya nyaraka ya huku, wanakotunza nakala ya pili. Paa lilivuja miaka mingi iliyopita. Jalada la mwaka ule limegandana lote, mhifadhi aliligonga mezani likalia kama tofali. Kwa hiyo nakala iliyobaki duniani ni ya chumba chako. Usishuke ngazi. Nimemwandikia yule dada aliyechukua nafasi yako, atatafuta siku baada ya siku mpaka aipate.

Mpwa wako


14 Aprili

Shikamoo mjomba,

Hujanijibu. Naomba iwe ni uvivu tu na si ugonjwa.

Yule dada wa maktaba amejibu. Gazeti amelipata. Ukurasa wa kwanza, chini kabisa kwenye kona, kuna kisanduku kidogo: "Opereta abaki kwenye mtambo siku tatu. Soma ukurasa wa 3." Akafungua. Karatasi yenye ukurasa wa tatu na wa nne haipo. Mtu amekata kwa wembe na rula, tena mtu anayejua kazi, maana ukurasa wa tano hauna hata mkwaruzo.

Nimemlaani mtu huyo kwa maneno nisiyoweza kuyaweka kwenye barua ya mkubwa wangu. Unakumbuka ulivyomfukuzisha kazi yule karani aliyekata picha ya timu ya mpira? Huyu alistahili zaidi. Kama kuna unayemshuku, niambie. Huenda bado anao.

Mpwa wako


30 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Naandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi, mistari sita kila karatasi, ndiyo maana bahasha imenenepa. Jicho la kushoto limekwisha.

Laana yako imefika. Ni mimi.

Asubuhi ya mazishi ya mama yako niliingia kazini kabla ya wenzangu. Nilitaka kutoa nakala, mashine ya fotokopi ilikuwa imekufa, na saa nne tunatoka na jeneza. Nikajiambia nikate, nikamwonyeshe, kisha nirudishe. Nimwonyeshe nani, na mwenyewe amekwisha kufa, sikujiuliza. Uliniona nikimwekea karatasi chini ya viganja. Ukaniuliza kama ni barua, nikasema ndiyo. Nilijua nakala ya pili ipo huko kwenu, kavu na salama. Miaka minne nimelala kwa kujua hivyo. Na yule karani nilimfukuzisha kwa picha ya mpira.

Tarehe sikuisahau hata siku moja, na habari yenyewe naijua yote, mistari kumi na tisa, jina lake liko kwenye mstari wa pili. Mpwa wangu, andika tu tarehe na ukurasa wa tatu. Hakuna atakayeshuka zile ngazi kuangalia, na akishuka atakuta pengo. Si uongo. Niliusoma mwenyewe. Nifanyie hilo, macho yamebakiza wiki chache.

Mjomba wako


21 Agosti

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta bado unaona. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira.

Jumamosi moja, wanafunzi walipoondoka, niliketi nikaandika jina la mama, tarehe, ukurasa wa tatu. Ilibaki kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Fundi viatu akafunga duka, akapanda kuchukua ufunguo wa chumba, akanikuta bado nimeketi. Mjomba, sikubonyeza. Nimewaambia watu wasiohesabika kwamba usitaje ukurasa ambao hujauona. Nilimkatalia Bi Kengele, ambaye alikuwepo. Na meneja naye aliandika akijua hakuna atakayekwenda kuangalia.

Nilichokuwa nacho ni ule ukurasa wa kwanza. Yule dada aliupiga picha, nikaupeleka kwa Bundi kwenye ukurasa wa majadiliano, nikataja kwamba mimi ni mtoto wa mhusika. Alikubali. Sasa inasomeka hivi: "Meneja ameandika kwamba alibaki peke yake kwenye mtambo, gazeti la wiki hiyo linamtaja opereta mmoja." Jina hakuna, na halitakuwepo. Nenda ukaisome upesi.

Nimekusamehe, ingawa kuna siku nalazimika kuanza upya. Na wewe unisamehe.

Mpwa wako


11 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Mwandiko huu ni wa jirani yetu fundi cherehani, mimi nasema yeye anaandika. Anakusalimu.

Barua yako ilikaa posta zaidi ya wiki mbili. Jirani alipoichukua na kunipeleka maktabani, kioo cha kompyuta nilikiona kama dirisha lenye pazia, mwanga tu. Akanisomea ile sentensi. Akaisoma tena, akidhani sikusikia.

Ulifanya sawa kutobonyeza, na imeniuma sana. Yote mawili ni kweli na sijui niweke lipi mbele.

Kuna jambo ulikuwa mdogo mno kulijua. Maopereta walikatazwa kutaja majina yao. Miaka ishirini na mbili mama yako alipokea kila simu kwa neno hilo hilo, "Opereta hapa." Hata mimi nilipompigia kutoka chumba cha magazeti. Namwambia dada, ni mimi. Ananijibu, nikuunganishe na nani. Nilikuwa nakasirika, yeye anacheka jioni nyumbani.

Nilimwomba jirani anishike kidole, akiweke kwenye kioo mahali palipo na neno lile. Kioo kilikuwa na joto kidogo. Nikauliza, ni hapa? Akasema ni hapa. Nikakiacha hapo hapo mpaka saa yangu ilipoisha, yule dada wa maktaba akaja kutuambia kuna mtu mwingine anasubiri kiti.

Mjomba wako