Haikuwa Bawasiri, Barasa

Barasa ndugu yangu,

Tangu mwili wako upakiwe kwenda kwenu Bungoma, hapa Changamwe hakuna anayenitwika vizuri. Nimepewa Mutiso, mgeni kutoka Kitui. Mtu mwema, lakini gunia analitupa begani kwangu kama ananigombeza.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Heri ujue mapema.

Unaukumbuka mzaha wetu wa ghalani: kuli asiye na bawasiri ni karani. Ulipoona damu chooni ulituambia wakati wa chai, unacheka, nasi tukakupigia makofi. "Sasa umehitimu, mzee." Sote tuliamini ni magunia. Hakuna aliyetaja hospitali.

Yule muuza dawa mwenye spika, pale sokoni, akashikilia hapo hapo. "Mizigo imekushukia, baba. Paka hii, kunywa hii, acha pilipili." Ukaacha pilipili. Ukakonda mpaka suruali ukaifunga kwa kamba ya gunia, naye akasema dawa inatoa uchafu.

Tulipokufikisha hospitali mwishowe, siku daktari alipoleta majibu ulikuwa nusu usingizini, kwa hiyo nakueleza nilivyoelewa mimi wa darasa la sita. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Lakini kipande walichokipima kilikuwa na chembe za namna mbili: zile za kawaida za saratani hiyo, na nyingine zenye tabia ya chembe zinazotoa homoni, zenye undugu na mishipa ya fahamu. Yule mama daktari alisema zikiwa chache, madaktari wenyewe bado wanabishana zina uzito gani. Zikiwa nyingi kama zako, ugonjwa huwa na mbio, huwahi ini. Lako lilikuwa limeshafikiwa.

Nikamuuliza, tungekuja mapema je?

"Nisingekuahidi," akasema. "Lakini ningekuwa na kitu cha kujaribu."

Hicho kitu cha kujaribu ndicho ninachomdai yule muuza dawa.

Sasa sikia. Alikuja kwenye matanga yako, akavua kofia, akalia kuliko sisi. Wiki haijaisha, anakutangaza kwenye spika. "Mnamkumbuka Barasa wa magunia? Nilishamponya nusu, akakimbilia kisu cha hospitali, kikammaliza." Watu wakatikisa vichwa, wakanunua.

Jumamosi nilitoka kazini na mpini wa jembe. Nilitaka magoti yake. Nikamkuta Mutiso sokoni, kwenye meza ya dawa, ameshika chupa kama yako.

"Unatoa damu?"

Akatazama chini. "Kidogo tu. Ni hii mizigo, braza."

Barasa, hapo nikapiga hesabu. Ningemvunja yule mtu, ningefungwa, na Mutiso angekunywa ile chupa. Nikaulaza mpini juu ya meza, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa muuza dawa. Hakubisha, macho yake yalikuwa kwenye mpini. Nikawaambia wote waliokuwa wakinunua samaki kwamba Barasa alikuwa ndugu yangu, kwamba haikuwa bawasiri, na kwamba aliyemchelewesha ndiye huyu. Mama mmoja akarudisha chupa yake. Wa pili akafuata.

Muuza dawa akaninong'oneza, "Matanga yamekupanda kichwani. Unaniharibia kazi."

Nikamwambia ndiyo kwanza naanza.

Jana nilimpeleka Mutiso hospitali. Njia nzima ananiita askari kanzu. Wamempangia kipimo cha kamera ndani ya utumbo. Hatujui bado. Anaogopa, ila amekubali, na ile chupa ameimwaga mtaroni mbele yangu.

Mchungaji ananiambia nisamehe nipate usingizi. Usingizi ninao. Kubeba magunia kunatosha kuniletea.

Pumzika, ndugu yangu. Ulikuwa mtu wa kicheko, ungeniambia niachane na yule muuza dawa. Usiniombe hilo. Nakuahidi: akihamia Likoni nitavuka feri, akihamia Utange nitamfuata huko. Popote atakapowasha spika, jina lako nitalitaja mimi, si yeye.

Mwenzako wa mizigo,
Simiyu