Mate ya Manseba

Kolwezi, Manika, tarehe 10 mwezi wa sita 2024

Kwa yaya yangu mupenzi Mbelu, dada yangu mukubwa, kule Tenke,

Kabla ya yote, ujue kama barua hii inatoka kwa mutu ambaye bila ulimi wake hakuna gunia moja ya mawe inapandaka juu ya lori hapa Kolwezi. Sijisifu, yaya. Ni batu njo banasema. Hata bale banunuzi ba kutoka mbali, kama habaelewani na bakrezeri, bale bachimbaji ba mukono, juu ya jiwe, banauliza tu: Tata Labo iko wapi? Mashine yao ya kupima mawe inaweza kukosa courant. Ulimi ya mudogo wako haikosi.

Nakusalimia sana. Goti la kushoto linaendelea namna gani na hii baridi ya kipwa, majira ya ukavu? Na bale kuku bako weupe, na kwaya ya bamama? Natumaini hakuna mutu amekunyanganya sauti ya kwanza. Hapa siye tuko bazima. Muke wangu Honorine alikuwa na kikohozi juu ya vumbi ya malori, lakini sasa anapiga kelele vizuri kabisa, kwa hiyo kifua kimepona.

Nimekupigia telefone mara kumi na moja. Kila mara ule mwanamuke wa ndani ya mashine ananiambia kama mutu wangu hapatikani. Wewe unapatikana, yaya. Tshiela mutoto wako anakupata kila asubuhi. Ni mi tu njo umenifungia mulango. Basi nimechukua Bic, na barua inakuja na shofere wa lori. Najua lunettes, miwani yako, ilivunjika jicho moja na mwalimu Kabemba njo anakusomeaka barua. Mwalimu, bonjour. Soma polepole, usiruke mistari.

Nakuja kwa ile siku ya mutoto wa Tshiela. Wewe goti lilikukataza kusafiri, haukuona kwa macho, bitu yote ulisikia kwa telefone, na telefone inaongezaka chumvi. Ngoja mi nikuelezee.

Siku ya nane tulikuwa bote kwa Tshiela. Mutoto alikuwa kwenye magoti yake na ile kofia ya manjano uliyomushonea. Jina ya tata yetu, Kabasele, ilikuwa inamungojea. Na mi manseba, mujomba wa upande wa mama, kazi yangu unaijua: kulowesha kidole gumba na mate, kumupakaa mutoto kwenye paji la uso, kusema maneno. Bila ile, batu ba kwetu banasema mutoto anaingia duniani kwa dirisha.

Unapaswa kujua tena kama siku ile nilikuwa na kidonda kwenye mudomo, kona ya juu, kubwa sawa punje ya muhindi, na maji ndani. Kila mutu aliyeuliza nilimujibu: ni jiwe. Bakrezeri balikuwa bamenipelekea jiwe ya kutoka chini kabisa ya shimo, nyeusi na kijani, ya kutisha. Niliweka ulimi nipime teneri, ni kusema kiasi cha shaba iliyo ndani, na ile jiwe ikalia sawa mafuta kwenye kikaango, ikanirukia mudomo. Batu balishangaa. Muzee mumoja wa upande wa bwana ya Tshiela alisema kama mutu sawa mi angepaswa kutembea na bapolisi babili. Nilimujibu kama bapolisi bananichelewesha.

Basi nikalowesha kidole. Nikakinyoosha. Ilibaki nafasi ya unene wa shilingi kufika kwa mutoto. Hapo telefone ya bainjenia ba mugodi ikaniita kwa haraka, nikafuta kidole kwenye suruali, nikatoka mbio. Muguu wa mbuzi, fungu ya manseba, ulibaki kwenye sahani, haujaguswa.

Ile yenye ilifuata njo wewe ulisikia. Mama Rachelle, mukwe wa Tshiela, alisema mbele ya bote kama manseba amefutia baraka ya mutoto kwenye matako yake. Bengine bakasema nimekasirikia mbuzi. Yaya, ni kweli mbuzi ule alikuwa anaweza kupita chini ya mulango uliofungwa. Lakini nimekwisha kula mbuzi ba kukonda kuliko ule na sikulaani mutu. Na wewe, neno lako lilinifikia na likaniuma kuliko yote: ulisema mi Ngoyi niko na mudomo mubaya, nisisogee tena karibu na mujukuu wako.

Yaya, ulisema kweli kuliko ulivyojua.

Sasa, mwalimu Kabemba, aksanti sana. Rudisha barua kwa mwenyewe. Yaya, vaa lunettes, funga ile jicho haina kioo, na usome hapa peke yako, hata kama itachukua siku mbili. Kama mwalimu angali anasoma, aone haya.

Hakuna telefone iliniita. Telefone yangu ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Niliiweka kwenye sikio na kusema na injenia ambaye hayuko. Yenye ilinizuia ni mukono wa Noëlla. Unamujua kwa jina: ule munganga wa santé, kituo cha afya cha hapa Manika, aliyemuzalisha Tshiela. Alinishika kwenye mukono, pale pa kuvalia saa, kwa nguvu ya mutu wa kupakia magunia, na akaniambia kwenye sikio maneno tatu: Tata, mudomo wako. Njo nikafuta kidole. Sikufuta baraka. Nilifuta mate, juu mate yenyewe ilikuwa hatari.

Kesho yake nilikwenda kumuona, nimevaa kasko ya mutu wa pikipiki kichwani mupaka ndani ya chumba chake, batu basinitambue. Aliniuliza nimekwisha kupaka nini. Nikamuambia: dentifrice ya meno, kisha chumvi, kisha ndimu. Alicheka mupaka akatafuta kiti. Nikamuelezea habari ya jiwe. Hakucheka tena. Aliniambia jiwe hainaga maji ya namna ile, na kama mutu angelamba mawe ya hapa kila siku, si mudomo njo ungemuuma kwanza. Kisha akaandika kwenye kartasi: herpès.

Yaya, ile neno niliijua. Kwenye depo ya kununulia mawe tunaisemaka kwa kucheka, juu ya babwana benye kutembea-tembea. Nikaapa mbele yake, kwa jina ya mama, kama tangu Honorine sijajua mwanamuke mwingine. Noëlla akasema nishushe mukono. Akanielezea kama ni ndugu babili: mumoja anakaaka juu, kwa mudomo, mwingine chini, na mara mingine banatembeleana. Ule wa juu batu bengi sana banaye, na bengi balimupata batoto badogo, kwa busu ya mama ama kikombe ya pamoja. Akiisha kuingia hatoki tena. Analala ndani ya mushipa. Baridi, homa, jua kali, kuchoka: anaamuka, anapanda kwa mudomo.

Nikamuomba sindano, nafikiri mutu wa cheo yangu anastahili sindano. Alinipatia tembe za asikloviri, moja mara tano kwa siku, siku tano. Mi nikaona ni kupoteza wakati, nikajisemea nimeze zote tano asubuhi nimalize kazi. Aliposikia, alinifokea sawa mutoto wa masomo. Akaniuliza kama kwenye mugodi balinzi bote banaingiaka poste moja asubuhi na kuacha mulango bila mutu mupaka kesho. Nikasema hapana. Akasema basi tembe ni mulinzi, kila moja iko na poste yake. Haimuui ule mwizi, inamurudisha kulala mbio. Na inasaidia zaidi kama unaanza siku ile mudomo unawasha tu, kabla ya maji kutokea. Mi nilikuwa nimechelewa na mambo ya ndimu. Lakini leo gamba limeanguka na ngozi imekauka, mudomo ya kijana wa makumi mbili.

Nikamuuliza sasa shida iko wapi kwa mutoto, kama ni kidonda kidogo tu. Aliacha kuandika. Aliniambia kwetu sisi bakubwa ni kidonda. Kwa mutoto wa wiki chache si kidonda: inaweza kuingia kichwani, kwa maini, kwa damu yote. Alikwisha kumubeba mumoja kwa mikono yake mupaka hospitali kubwa, balimupatia ile dawa kwa mushipa, balikuwa bamechelewa. Hakusema jina na sikuuliza. Nilitazama kidole yangu gumba, yaya. Nilitazama muda murefu.

Utaniuliza juu ya nini sikurudi siku ile kuelezea batu. Juu ya haya. Niliona afazali baniite mulozi kuliko baniite mutu wa kidonda. Mulozi banamuogopa. Mutu wa kidonda banamucheka. Na kama nasema kidonda haikutoka kwa jiwe, bataanza kuuliza juu ya ulimi pia. Basi nakuambia wewe peke yako: ulimi yangu haijui kitu. Ni Sadrack, ule anashikaka mashine ya kupima kwenye depo. Anapima kwanza nyuma ya ukuta, kisha anajikuna sikio. Kujikuna mara mbili, mi nalamba na kusema mbili kwa mia. Kujikuna mara ine, nalamba na kusema ine. Miaka sita banashangaa. Na silambi hata: naleta jiwe karibu, natoa ulimi, nafunga macho.

Ningeweza kufa na ile siri. Lakini nimesikia kwa Tshiela kama goti limepona na Jumamosi unakuja kumubeba Kabasele mudogo. Atakuwa na wiki ine tu. Na kila kipwa, yaya, tangu tuko batoto, unatokaka bidonda kwenye mudomo wa chini, ile unasemaka ni malaria ya mudomo. Hakuna malaria ya mudomo. Nilimuelezea Noëlla namna ile inakuja kwako, akatikisa kichwa: ni ile ile. Unakumbuka kikombe ya bati ya mama, ya bluu, yenye ilikatika mukono? Tulikuwa tunagombana nani atakunywa wa kwanza. Tulikunywa bote, na nafikiri tulimunywa ule mugeni pamoja. Kama ningekuachia habari ya jiwe, ungesema: mi silambi mawe, mudomo wangu hauna neno, na ungemupiga mutoto busu sawa vile bibi bote banafanya. Njo sababu nimevunja jina yangu kwenye kartasi.

Noëlla anasema hivi: kama mudomo unawasha ama una kidonda, usimukaribie mutoto, na uende santé ya Tenke baangalie kama unastahili ile dawa, usinunue kwenye meza ya barabarani. Kama mudomo umekauka vizuri, njoo, nawa mikono na sabuni, mubebe, muimbie. Busu hapana, na mate hapana, hata kama unajiona muzima, juu ule mwizi anatokaka mara mingine bila kupiga mulango. Na kama mutoto anachemuka ama anakataa ziwa, ni hospitali siku ile ile, si maombi kwanza.

Juu ya baraka nimepata shauri. Jumamosi nitasimama mbele ya bote, mudomo umefungwa na kitambaa, na nitalowesha kidole kwenye kikombe ya maji safi. Maneno njo yanabariki, yaya, mate ilikuwa tu gari yake. Lakini naogopa. Mama Rachelle atasema sasa manseba anavaa mask sawa mwizi wa shaba. Nitamuambia sababu kwa sauti ya juu, kidonda na jina yake. Tafazali, simama karibu na mi, na kitambaa yako pia. Bacheke midomo mbili pamoja. Habari ya Sadrack tuiache.

Nisalimie kwaya yote, na kuku, na mwalimu Kabemba, ambaye nimemusamehe kama alisoma. Honorine anakutumia kitenge na anasema ufungue telefone. Mungu akulinde kwenye njia, na shofere asikimbize sana kwenye mashimo, juu ya goti.

Ni mi mudogo wako, mwenye kunywa nyuma yako kwenye kikombe,

Ngoyi Kabasele Louis, «Tata Labo»

Usishangae bahasha kufungwa na bukari, ugali wa jana. Ya kwanza niliifunga na ulimi, sawa tumezoea. Honorine alikuwa anatazama. Aliitupa kwenye makaa, na mudogo wako, laboratoire ya Kolwezi yote, alikwenda mwenyewe kununua ingine.