Sabuni kwenye Fremu ya Mlango

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi seremala anakuja saa nne. Mwambie ~~ang'oe fremu yote~~ ngoja kwanza nikueleze.

Asubuhi hii mlango wa chumba cha watoto umenibakia mkononi. Bawaba imetoka na ubao wake, na ndani ni mchwa watupu. Kumbe mabawa yanayodondoka dirishani tangu mvua zianze ni yao, si ya sisimizi: yote manne ya kila mdudu yana urefu mmoja. Watoto wasiache madaftari sakafuni.

Kilichonichanganya ni upande wa pili wa fremu. Kila tundu limezibwa kwa sabuni ya mche, na juu yake kuna alama ya dole gumba lako, lile lenye kovu. Mwezi mzima namgombeza kitindamimba kwamba anamaliza sabuni, nawe umekaa unakunywa chai! Mchwa hawafukuzwi kwa sabuni, mume wangu. Ulikuwa unamficha nani?

Halafu, katikati ya hiyo sabuni, nikaziona zile alama za penseli, tulipokuwa tukimpima urefu marehemu kifungua mimba wetu. Ya mwisho inanifika kiunoni.

Fundi abadilishe upande wa bawaba tu. Huo mwingine autie dawa, asiung'oe.

Nami nina langu. Yale mabawa nilishashuku ni ya mchwa, nami nimekuwa nikiyafagia kila alfajiri kabla hujaamka, ili usije ukamwita fundi akaing'oa fremu. Sasa hata sijui nani alikuwa akimficha nani.

Mama Watoto