Sahani Zilizorudi Jikoni

Kisiwani, kupitia Mbita, Homa Bay
7 Aprili 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua mwalimu wa Kiswahili hasalimiwi "habari yako" ikaishia hapo. Mnaendeleaje huko Kehancha? Mgongo umepoa? Joyline amefunga shule akiwa mzima? Mimi niko salama, ila nimechoka. Jana nilitembeza sahani kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni, na leo miguu haitaki kuingia kwenye viatu.

Nakuandikia kwa jambo jema. Baada ya Pasaka, mvua ikishika, wageni hupungua hapa hotelini, na kila mfanyakazi anaruhusiwa kumleta mzazi mmoja na mtoto kwa siku tatu. Chumba, chakula, kuogelea, yote juu ya hoteli. Wazazi wangu walishatangulia, na hata wangekuwepo ningekuita wewe. Mume wangu Mirumbe alifukiwa na mgodi kule Osiri, miaka mitano sasa. Baadaye ukaja ugonjwa wa mkeo, Mama Phelesia, na mwaka jana tukamzika. Katika muda huo wote sijasikia kwamba umekaa chini ukapumzika. Njoo na Joyline. Mchanga wa huku ni mweupe, minazi ipo, na kuna viti vya kulalia mchana kutwa bila mtu kukuuliza kitu. Mezani nitakuhudumia mimi mwenyewe, nimeshaomba zamu.

Barua nampa Abdullah wa duka la mchele hapo Migori mjini. Gari lake hutuletea bidhaa mpaka gatini Mbita kila wiki mbili. Simu ninayo, lakini mimi na wewe kwenye simu tunaishia "ng'ombe wazima, mvua imenyesha."

Njoo upumzike tu, Baba. Sina neno lingine.

Mimi mkaza mwanao,
Damaris


Kehancha, Migori
15 Aprili 2025

Mama Joyline,

Marahaba. Barua imefika ikinuka mafuta ya taa, lakini inasomeka. Mgongo upo palepale, haujapoa wala haujazidi. Joyline ni mzima. Amekuwa wa nne darasani na anasema wale watatu waliibia. Ng'ombe wazima. Mvua imenyesha. Hayo umeyapata bila simu.

Sasa hebu nieleweshe. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na mara tatu nimewapeleka watoto Muhuru Bay kuona ziwa. Watu niliowakuta ufukweni walikuwa wanaanika omena, wanavuta nyavu, wanagombania bei. Sikumwona hata mmoja amelala. Mtu anavua viatu, anajilaza mchangani, halafu iweje? Anangoja nini?

Ningekataa, nakwambia kweli. Nimechoka kiasi kwamba hata safari ya kwenda kupumzika naiona ni kazi. Lakini Joyline alinisomea barua yako kwa sauti, na alipofika kwenye neno kuogelea akaenda kufunga begi. Begi hilo liko mlangoni siku ya tatu leo, nalivuka kila nikienda kukamua. Tutakuja Jumanne baada ya Pasaka.

Umeandika kwamba huna neno lingine. Nimesahihisha insha za watu maisha yangu yote, Mama Joyline. Anayesema hana neno lingine huwa analo. Litunze mpaka tuonane.

Baba Mirumbe


Kisiwani
29 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Naamini mlifika salama na kwamba Joyline hakutapika kwenye gari. Mimi mwili hauna neno. Nimengoja siku nne hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo uniwie radhi.

Nilikupa ile meza ya pembeni ya baraza, ambayo wageni wa Nairobi huiwekea nafasi miezi miwili kabla, kwa sababu ukiikalia unaona maji pande tatu. Siku ya kwanza nilikuletea ngege mzima wa kukaanga, ugali wa mtama na mboga. Nikasimama kando, maana ndivyo tulivyofundishwa, mgeni haachwi kabla hajaonja. Ukamtazama samaki, ukasema asante, ukaweka mikono mapajani. Ukasema jino. Jioni kuku wa nazi, jino tena. Asubuhi mayai, "nimeshiba." Umeshiba nini, Baba, nawe hujala? Sahani saba nilizirudisha jikoni kama zilivyotoka. Joyline kando yako anakula, anakutazama wewe, kisha ananitazama mimi.

Hapa sahani ikirudi imejaa inaandikwa, na jina la aliyeipeleka linaandikwa. Msimamizi wetu Fardowsa aliniita pembeni. "Damaris, hata mzee wako hataki chakula chetu? Wageni wananiuliza kama samaki ni mbaya." Si mtu mbaya yule mama, ni kazi yake. Nilimjibu kwamba una jino. Nilisema uongo kwa ajili ya jino ambalo siliamini.

Na ufukweni je? Nilikuletea taulo, wewe umo majini mpaka shingoni, midomo inatetemeka kwa baridi. Ukaniambia, "Weka hapo, nenda." Watu kwenye viti wakacheka.

Kwetu Homa Bay mtu akikataa chakula chako amekukataa wewe. Nimelia chooni kwa wafanyakazi, si mara moja.

Ulisema kweli, neno nilikuwa nalo. Nilitaka kukuomba Joyline. Nimepata nyumba Homa Bay mjini, nitakaa na dada yangu Roseline. Hotelini wamekubali nifanye wiki mbili na kupumzika wiki moja, na wiki ambazo sipo Roseline atakuwa naye. Shule iko dakika kumi kwa mguu. Miaka mitatu sasa mtoto wangu namwona Krismasi na siku za mazishi. Nilipanga kukuomba siku ya mwisho, ukiwa umekula vizuri umefurahi. Kukuomba huku umekaa na njaa mezani kwangu, nilishindwa.

Damaris


Kehancha
10 Mei 2025

Mama Joyline,

Salamu kwako. Tulifika salama. Joyline alitapika mara moja tu, karibu na Rongo, na ngozi yake bado inatoa mchanga. Mwisho wa barua yako umeweka jina peke yake, hukuandika wewe ni nani kwangu. Nimeliona hilo.

Sasa nisikilize. Mimi sili mbele yako. Siwezi. Kwetu Wakurya, wa umri wangu na wa nyumba yangu, baba mkwe kutafuna mbele ya mke wa mwanawe ni sawa na kuvua nguo. Nilidhani unajua. Umekaa kwangu miaka minane, Mama Joyline. Umewahi kuniona nikitafuna? Kumbuka vizuri.

Phelesia ndiye aliyekuwa anapanga. Chakula kikiiva anakutuma kisimani, ukirudi mimi nimeshanawa. Sikujua kwamba hakuwahi kukueleza. Na mimi kukueleza pale mezani, umesimama unangoja nionje, watu wamejaa, ningeanzia wapi? Neno lenyewe ni la aibu kulisema. Jino lilikuwa karibu, nikalishika hilo.

Kuhusu maji, ile kaptula niliyoazimwa na hoteli iliishia juu ya magoti. Nilipokuona unakuja na taulo nikachutama. Nimekaa ziwani saa nzima, mzee wa miaka sabini na moja, namwomba Mungu akupe kazi nyingine. Wewe ukawa unasimama tu, unaniuliza kama maji ni mazuri.

Usidhani nililala njaa. Mpishi wenu Okari aliniona nazunguka nyuma ya jiko, akaniambia, "Mzee, kuja ukule huku, hakuna mtu anakuona." Siku zote tatu nilikula kwake ugali na omena, nimekaa juu ya kreti ya soda. Lakini kwamba jina lako limeandikwa kwa sababu yangu, hilo limenichoma. Mwambie msimamizi wako kosa ni langu.

Kuhusu Joyline, hapana.

Sina sababu nzuri ya kukupa. Shule ya huko inaishinda hii yetu, najua, nimefundisha hapa. Lakini asubuhi mgongo unapokataa, yule mtoto ndiye anayenifanya nishuke kitandani niwashe moto. Nimezika mwana, nimezika mke. Asipokuwepo yeye sidhani nitauwasha. Tafadhali usiniombe tena.

Baba Mirumbe


Kisiwani
25 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika, wageni ni wachache, wamekaa barazani wanalitazama ziwa kana kwamba limewakosea. Mimi niko tu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Baba, miaka minane nilidhani Mama Phelesia hanipendi. Kila chakula kikiiva, "Damaris, maji." Mitungi imejaa, bado, "Damaris, maji." Nilikuwa nakaa pale kisimani nimenuna, nasema moyoni huyu mama hataki nile na watu. Nilimzika nikiwa na hilo kifuani. Kumbe alikuwa ananisitiri, na wewe pia. Laiti mmoja wenu angesema.

Unisamehe kwa kukusimamia na samaki, na kwa taulo. Okari nimemuuliza, akacheka mpaka akakaa chini. Fardowsa nimemweleza pia. Akasema kwao Garissa wana yao mengi ya wakwe, akayafuta yale maandishi.

La Joyline nimelisikia. Sitakuomba tena. Wewe ndiye uliyemlea nilipokuwa siwezi, na sina mdomo wa kubishana nawe. Naomba kitu kimoja tu. Siku akiwa mkubwa, akikuuliza, mwambie niliomba.

Mkaza mwanao,
Damaris


Kisiwani
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Ni mwezi wa pili huu sijaona barua. Abdullah ananiapia kwamba ile ya mwisho alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua mbele yake. Nikipiga simu anashika Joyline, anasema Babu yuko shambani. Nimepiga saa saba mchana, nimepiga jua likizama. Hakuna shamba la namna hiyo.

Unaumwa? Au nimekukosea tena kwa jambo nisilolijua? Niambie waziwazi, maana aliyekuwa ananifichia makosa yangu tulimzika.

Mkaza mwanao,
Damaris


Kehancha
6 Agosti 2025

Mama Joyline,

Salamu nyingi. Siumwi. Hukunikosea. Nilikuwa nyumbani mara zote ulipopiga, nimekaa kwenye kiti nikimwashiria mtoto aseme niko shambani. Nimemfundisha uongo nikiwa mzee, na yeye amejifunza haraka.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa tano. Siku ya tatu, nikiwa kwa Okari, kile kidirisha cha kupitishia sahani kilikuwa wazi, nikakuona. Ulikuwa kwenye meza ya familia fulani ya Nairobi. Walikuwa na msichana wa umri wa Joyline, anamwogopa samaki. Wewe uliinama, ukamtolea miba, mmoja mmoja, ukaipanga ukingoni mwa sahani, kisha ukapapasa kwa vidole kuhakikisha. Ukamwambia, "Kula sasa, pole pole." Joyline alikuwa amesimama kwenye mlango wa upande wa ufukwe, nywele zinadondosha maji. Hakuingia, kwa sababu ulishamwambia watoto wa wafanyakazi hawasogelei meza za wageni wengine. Alisimama pale anakutazama mpaka ukamaliza.

Mimi niliona, nikaendelea na omena zangu. Kisha nikarudi nyumbani nikakuandikia hapana. Tangu hapo, kila nikishika kalamu nakuta nitaandika uongo, ndiyo maana ukaona kimya.

Wiki jana nilinunua samaki sokoni, nikampika nilivyoweza. Mtoto huyu hajawahi kutolewa miba na mtu, hata Phelesia alimwambia ajifunze. Alitoa mwenyewe, akaipanga ukingoni mwa sahani, akapapasa kwa vidole. Halafu kile kipande kizuri akakisukuma upande wangu, akaniambia, "Kula sasa, Babu. Pole pole."

Nilikitia mdomoni. Nililia, Mama Joyline, mbele ya mtoto, na yeye akadhani nimechomwa na mwiba, akanipigapiga mgongoni, palepale panapouma.

Tima, mke wa Abdullah, atasafiri kwenda Homa Bay Jumamosi tarehe kumi na sita. Atakuja na Joyline. Uwe stendi mapema, usimfanye mtoto angoje kati ya watu. Ripoti zake na cheti cha kuzaliwa viko kwenye bahasha ya kaki ndani ya begi. Begi ni lilelile, alilifunga jana, na liko mlangoni tena. Uji anakunywa bila sukari. Hesabu za kugawanya anazikimbia, mbane hapo. Na samaki akipikwa mtolee miba, hata kama ataringa kwamba anajua.

Sikudanganyi kwamba nimefurahi. Nimechoka, na nyumba hii itakuwa kubwa. Lakini moto nitauwasha, ng'ombe hawataki kujua kama nina huzuni. Kila likizo umlete, na asubuhi ya kwanza nataka aje yeye aniamshe.

Pasaka ijayo ikipita, mwombe msimamizi wako tena. Safari hii nitakuja na suruali ndefu na nitakaa juu ya mchanga, nijue hao watu huwa wanangoja nini. Nataka meza ileile yenye maji pande tatu, na samaki yuleyule mzima. Sahani ailete Joyline.

Na wewe akishaiweka, nenda kachote maji. Najua hoteli ina mifereji. Nenda tu, ukawie kidogo, na ukirudi utakuta nimemaliza.

Ni mimi baba yako,
Mwikwabe