Unga wa Kijivu

Jumatatu, 7 Aprili
Nimegawa unga kliniki tangu asubuhi. Mtama, njugu na omena, dagaa wa Muhuru Bay, kwa kina mama wanaonyonyesha. Mikono inanuka samaki. Achieng, jirani yangu, amekuja na mapacha wake. Mashavu yamemrudia. Anasema sasa Apiyo na Adongo wananyonya hadi wanalala. Nilifurahi.
Gunia jipya lina rangi ya kijivu. Sikuipenda.

Jumanne, 8 Aprili
Nimepika unga ule na kuonja. Unakwaruza meno.
Nikamuuliza Min Otieno, mwenyekiti wa kina mama wanaotusagia. Kinu cha posho kimeharibika, kwa hiyo walisagia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alicheka kuniona nimeduwaa. "Tuliiosha na sabuni, nyathina, mwanangu. Mpaka tukaiombea."
Kwenye karasha hiyo watu humwaga zebaki ili ishike dhahabu. Sabuni haiitoi. Mama akiila, inaingia kwenye maziwa. Hayo niliyasoma shuleni, nikayaandika kwenye mtihani, nikayasahau.
Achieng amekula tangu jana.

Jumatano, 9 Aprili
Nimemwambia mkubwa wa kliniki. Hakuniangalia. Wafadhili wanakuja Ijumaa, wanataka kuona kina mama wakipokea unga. Akauliza kama mimi ni karani au daktari.
Karani. Nina miezi michache tu kazini, na nyumbani Rusinga wananitegemea.
Nilimweleza Achieng. Alinisikiliza vizuri, akafunika debe lake la unga.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimefunga stoo. Ufunguo nikautia kwenye soksi.
Kina mama wamejaa nje. Nimesema yote. Mmoja akapiga makofi: "Zebaki? Bwana yangu huishika kwa mkono kila siku, na mimba bado ananipa!" Wakacheka wote. Mwingine hakucheka. Aliuliza, basi leo tule nini?
Mkubwa alikuja akanyoosha mkono. Hakupaza sauti. Nilivua kiatu, nikampa ufunguo.
Nimewapa kina mama sumu kwa mkono wangu mwenyewe. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekatazwa kufika kazini. Nimesikia nyimbo kutoka kliniki. Makofi. Magari yameondoka.
Nimepiga simu ofisi ya afya Migori. Watatuma mtu wiki ijayo. Wiki ijayo!

Jumamosi, 12 Aprili
Sabato. Sikwenda kanisani.
Nimechemsha maharagwe yangu yote, nikaongeza mayai na sukuma wiki, nikapeleka kwa Achieng. Sufuria ya uji wa kijivu ilikuwa jikoni, imejaa. Adongo alikuwa kwenye titi.
"Nilikusikia, Lilian," alisema. "Lakini maziwa yatatoka wapi?"
Niliweka chakula mbele yake. Aliniangalia, kisha akanisukumia ile sufuria kwa mguu. Nikaufukia uji nyuma ya choo, mbali na kuku.
Nilipotoka mvua ilikuwa imekatika. Moshi wa jikoni ulipanda kutoka kila boma, hadi kule machimboni. Harufu ya uji wa omena kila mahali. Nzuri, kama ya nyumbani.
Maharagwe yamekwisha.