Mama Mkwe Amegoma Kupanda Mashine Yangu

Mama Pétronille, shikamoo. Kila Ijumaa nasoma unavyowasema watu kwenye ukurasa wako huu, nami sikuwahi kufikiri siku moja ningekuandikia, lakini sasa sina pa kushika, nisaidie mama yangu.

Naitwa Moses, fundi wa kuchomelea hapa Gitega, nilizaliwa ukimbizini Tanzania na ufundi niliusomea huko, na kipaji cha kubuni vitu nimepewa na Mungu, wala sijisifu, hata walimu walisema. Nina mchumba, Imelda, mwalimu wa shule ya msingi Mwakiro, kwao ni Gasorwe, na harusi yetu ilipangwa mwezi wa nane, wazee walishakaa, pombe ilishanywewa, kila kitu sawa. Sasa mimi nikasema siwezi kwenda ukweni na vitenge viwili kama wanaume wengine, nikaamua kumtengenezea mama mkwe, Mama Ursula, pamoja na chama chake cha akina mama, mashine ya kupukuchua mahindi, maana wanakaa mkekani kutwa nzima wanapukuchua kwa vidole gumba mpaka vinatoka malengelenge, nikawaonea huruma.

Nilijifungia gereji miezi mitano. Mashine nikaiita Progrès, yaani Maendeleo. Mama, ungeiona! Unapanda juu ya siti kama ya baiskeli, unanyonga, pipa linazunguka, halafu kuna vishikio vitatu vya kuvuta, kimoja cha kufungua mdomo, kimoja cha kurudisha nyuma, kimoja cha breki, vyote nimevipaka rangi nyekundu vipendeze, na punje zinaingia ndani kwa ndani kwenye sanduku hazionekani, kwa sababu mashine nzuri haionyeshi matumbo yake, na nikaandika kitabu cha maelezo kurasa kumi na moja kwa Kifaransa safi. Niliijaribu mwenyewe mara nyingi tu, gunia zima dakika arobaini, hata jasho sikutoka.

Basi nikaipakia kwenye pikapu mpaka Gasorwe, watu wakajaa uani kwa kina Imelda, na mzee Kastori naye akaletewa kiti, huyo ni babu yake Imelda, baba mkwe wa Mama Ursula. Nikasema mgeni wa heshima ni mama, apande wa kwanza. Akasema, "Asante mwanangu, nitapanda siku nyingine." Nikasema hapana, ni leo. Akavuta kitenge chake, akatazama chini. Nikambembeleza, nikapanda mwenyewe nikamwonyesha, mguu huku, mguu huku, rahisi! Akakataa. Mama mwingine, Lucia, akasema yeye atavuta vishikio tu akiwa amesimama, mimi ninyonge, akavuta kishikio ambacho sicho, pumba na punje zikamrukia usoni, watu wakacheka, nikamwambia kosa ni lako, hukusoma ukurasa wa nne. Mwingine anaitwa Swabra akauliza kwa nini isizungushwe kwa mkono mtu akiwa amekaa mkekani, nikamwambia dada, hiyo ni teknolojia ya bibi yako. Halafu, mama, sijui nini kilinipata, nikamgeukia Mama Ursula mbele ya watu wote nikasema shida ya nchi yetu ni hii, unawaletea watu maendeleo, wao akili imebaki mkekani.

Mama Ursula akaingia ndani, hakutoka tena. Imelda akanifuata mpaka kwenye gari akaniambia, "Kama mama yangu hana akili, mimi nimetoka tumboni mwake. Nenda ukatafute mwenye akili." Jumapili iliyofuata tangazo letu la ndoa halikusomwa kanisani, yeye ndiye aliyeomba lisisomwe, na simu yangu hapokei. Mashine nasikia wameisukumia nyuma ya nyumba na kuku ameatamia ndani ya pipa. Nampenda Imelda, mama, chakula hakipiti. Je, niwaandalie akina mama wale semina ya siku mbili? Au nikitafsiri kile kitabu kwa Kirundi na kuongeza picha, mama mkwe ataelewa?

Moses, Gitega

*Mama Pétronille anajibu:*

Semina! Eh Moses, yaani mchumba anakukimbia na weye unataka kumpangia mama yake semina. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Nikupe pole kwanza, kwa sababu naamini kweli uliwaonea huruma wale akina mama na vidole vyao, na miezi mitano gereji si mchezo. Kuna wakwe wengi wanaopelekewa maneno matupu. Ila katika miezi yote hiyo, mwanangu, hukumuuliza hata mmoja wao kitu chochote.

Bon. Niambie, fundi mwenye kipaji, tangu urudi Burundi umeshaona mama mtu mzima wa Gasorwe amepanda baiskeli ametanua miguu? Akibebwa nyuma anakaa upande, magoti pamoja, kitenge kimekazwa. Weye ukataka apande siti, apandishe kitenge, anyonge, na baba mkwe wake amewekewa kiti kabisa aone vizuri! Mzee ambaye Mama Ursula huenda hata jina lake halitaji kwa heshima! Jamani! Mama wa watu akakutafutia njia ya kutokea, akasema "siku nyingine". Mtoto mdogo wa pale anajua kwamba hiyo ni hapana iliyovalishwa nguo. Weye ukaivua hadharani.

Unasema uliijaribu mara nyingi. Nani aliyeijaribu? Mwanaume mwenye suruali, mwenye miguu mirefu, asiye na mtoto mgongoni, anayejua kila kishikio kwa sababu alikichomelea mwenyewe. Hapo hukujaribu kitu, ulikuwa unajipongeza.

Mi kabla ya gazeti hili niliuza chupa za chai na taa sokoni miaka kumi na tisa, kutoka Uvira mpaka hapa Gitega. Mama akija kununua chupa, hasomi boksi. Anaishika kwa mkono mmoja, anajaribu kuifungua kwa mkono huo huo, maana ule mwingine una mtoto. Ikimshinda anairudisha, anasema asante, anakwenda kwa Baguma, jirani yangu wa meza. Sikumkimbilia hata siku moja kumwambia akili yake imebaki nyumbani. Niliacha kuleta zile chupa, basi. Mtu mmoja akishindwa kutumia kitu, labda amelewa. Wakishindwa ua mzima, nenda kamnuse mdomo aliyekitengeneza.

Yule Lucia umemwonea bure. Vishikio vitatu, rangi moja, umbo moja, angejuaje? Hata weye ukiamshwa usingizini utavuta kisicho chenyewe. Halafu mtu ana pumba machoni, weye unamtajia ukurasa wa nne, tena wa Kifaransa! Chombo kinachotaka kurasa kumi na moja ili punje zitoke kwenye gunzi bado hakijamalizika kutengenezwa. Na punje ulizificha za nini? Mwenye mahindi anataka kuziona zikianguka, zikiwa nzima aendelee, zikivunjika asimame. Weye ukamfungia chakula chake sandukuni kama siri ya baraza la mawaziri.

Jibu lako alikupa Swabra, bure, pale pale uani. Mkono mmoja wa kuzungusha, chini, mtu amekaa mkekani na miguu ameinyoosha kama siku zote, punje zinaanguka kwenye ungo mbele ya macho yake, gunzi likikwama anarudisha nyuma kwa mkono huo huo. Dada wa watu aliuliza swali moja tu, likashinda miezi yako mitano, na zawadi yake akatajiwa bibi yake. Mpaka leo aliyeielewa mashine yako ni kuku peke yake. Aliona tundu, akaona giza na joto, akaingia, na karatasi hakuomba.

Sasa sikiliza vizuri. Kile kitabu usikitafsiri, kiwashie moto wa chai. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, kwa hiyo utakwenda Gasorwe Jumapili baada ya misa, bila pikapu. Tafuta mtu mzima wa ukoo wenu akusindikize, na mbebe urwarwa, pombe ya ndizi kabisa, inayojulikana kwa wazee. Ulitukana mbele ya watu, msamaha utauomba mbele ya watu hao hao, mzee Kastori akiwepo. Usiseme, "Mlinielewa vibaya." Usiseme, "Nia yangu ilikuwa nzuri." Sema, "Mama, nilikuvunjia heshima, nisamehe," halafu funga mdomo, hata kimya kikirefuka namna gani.

Wakikupokea, Jumatatu ukae mkekani na akina mama, upukuchue gunia zima kwa vidole gumba vyako mwenyewe, na usifundishe mtu. Tazama tu. Nani ana mtoto mgongoni, nani anainuka kila mara kuangalia chungu cha maharage, nani mgongo unamuuma, nani haoni vizuri. Wakisema jambo, neno "lakini" limeze. Gunia likiisha, muombe Swabra radhi, umpe kijiti akuchoree chini kile alichotaka kusema siku ile. Hapo ndipo urudi gereji. Mashine ya pili ukiimaliza, iweke mbele ya mama mmoja, usiguse wala kueleza, kaa pembeni mikono mgongoni. Akianza kutafuta pa kushika mpaka anakutazama weye usoni, jua bado, ipakie urudi nayo.

Kuhusu Imelda sitakudanganya, anaweza kukataa. Weye unadhani ugomvi wenu ni wa mashine. Yule binti siku ile hakuwa anaitazama mashine, alikuwa anakutazama weye, unavyofanya mwanamke akikuambia hapana kwa upole, na akajua kwamba baada ya mwezi wa nane mwanamke huyo atakuwa yeye. Nenda Gasorwe, mwanangu. Kama utaambiwa hapana tena, safari hii ipokee.