Tisini na Tano ya Bukavu

Papa Birindwa,

Nimesimama mbele ya watu Lilongwe nikasema kwa kinywa changu kwamba ulikosea. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu jambo kama hili halifai ulisikie kutoka kwa mwingine. Soma mpaka mwisho kabla hujakunja uso. Unajua hoja zangu haziishii pale zinapoanzia.

Kwanza habari za nyumbani. Matanga yako tuliyamaliza vizuri. Mke wako ana nguvu, anaimba tena kwaya ya asubuhi. Meza yako ya kazi bado iko pale pale nyuma ya kanisa, hapa kambini Dzaleka, na hatukuigawa. Walikuja watu watatu, kila mmoja akisema ulimwahidi mita yako ya kupimia umeme. Niliwajibu kwa urefu. Hawajarudi. Tumebaki mimi na Dezire, yule Mrundi uliyemfundisha mwaka wako wa mwisho, na sasa anachomelea waya kwa mkono uliotulia kuliko wangu. Angekuwa wa kwanza kukuambia hilo si jambo gumu.

Tunaendelea na kuvezi. Mashine hizo za kutotolesha mayai ulizobuni kwa mbao za masanduku, balbu na vihisi vya joto, tumetengeneza nyingine nne tangu uondoke. Lakini nimegundua kitu, Papa. Watu wengi waliipenda kazi yako kwa sababu waliionea huruma. Mgeni mmoja alikuja na kamera, akaiweka kuvezi katikati ya vikapu na shanga, akaandika chini yake "kazi za mikono za wakimbizi." Nikamwambia chombo hiki kinapima. Kikapu hakipimi. Chombo kinachopima kinaweza kuwa sahihi au kuwa na kosa, na mtu anayekisifu bila kuuliza ni kipi kati ya hayo mawili hajakiheshimu. Akatabasamu, akapiga picha nyingine.

Maneno hayo niliyasema kwa kiburi. Baadaye yalinirudia mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa mkalimani kwenye ofisi za kambi, jioni naandika makala za kugombana na dunia nzima, na redio yangu ilikuwa imekufa. Ulitoa ndani yake kidude kidogo chekundu cha kioo, ukanionyesha kwenye kiganja. Diodi. Ukasema kwa Kiswahili chako cha Bukavu, ambamo umeme ni kuran na kihisi ni kapteri, "Mita haijue moto. Inajua kuran tu. Inaomba mutu wa katikati, mwenye anasikia moto na anasema kuran. Njo kapteri. Ni sawa na weye pale biro." Sikuwahi kusikia kazi yangu ikielezwa vizuri hivyo. Mkalimani hapaswi kuongeza wala kupunguza, na kila alichosikia lazima kitoke upande wa pili kwa kadiri ile ile. Diodi ikipata joto, volti yake inashuka kidogo, karibu milivolti mbili kwa kila digrii, bila kuruka na bila kubembeleza mtu. Niliipenda papo hapo. Nimewajua wakalimani wasiofikia uaminifu huo.

Ukaniita Avoka, wakili, tangu siku hiyo, kwa sababu nilibishana na wewe hata kuhusu upande wa kuiunga.

Na siku nilipoipitishia mkondo mkubwa nikidhani nitapata jibu lenye nguvu, volti ikaanza kushuka yenyewe, kana kwamba chumba kinapata joto, bila mtu kugusa kitu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Avoka, umetia kuran mingi. Sasa haipime chumba, inajipima yenyewe. Ni sawa na wewe ukianza discours." Dezire anakumbuka maneno hayo juu ya hotuba zangu kuliko unavyofikiri.

Kisha ukanifundisha maji mawili. Barafu ya muuza soda, iliyopondwa na kulowekwa: hapo ni sifuri. Sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, maji yakitokota: hapo ni juu. Kati ya alama hizo mbili unachora mstari, na joto lote la dunia tunaloishi liko juu ya mstari huo. Mimi, msomaji, nikasema juu ni mia moja. Kitabu kinasema mia moja.

Papa, jinsi ulivyonitazama. "Hiyo kitabu waliandikia pembeni ya bahari. Huku milimani hewa iko nyepesi, haikandamize maji, maji inachemka mbele ya mia. Bukavu ni tisini na tano. Niliona na macho yangu." Uliona kwenye kipimajoto cha zebaki cha maabara uliyofanyia kazi. Kile kipimajoto ulikifunga kwenye soksi siku mlipokimbia, na kikavunjika njiani, ndani ya basi. Namba ikabaki kichwani mwako. Hakuna mtu wa mpakani ambaye angeweza kukunyang'anya.

Tukaandika tisini na tano. Kwenye barafu mita ilisoma milivolti mia sita na tisini, kwenye maji yanayochemka mia tano. Tofauti mia moja na tisini, igawe kwa tisini na tano: mbili kamili, haibaki hata punje. Uligonga meza kwa furaha. Nikaenda kuwacheka mafundi wa kambi nzima waliokuwa wakiandika mia. Niliandika makala juu yao. Ilikuwa makala kali.

Na vifaranga wetu walikuwa wakitoka siku ya ishirini. Kila mtu anajua kuku hukaa siku ishirini na moja. Wetu walitangulia. Mama wa pale kisimani alisema, "Kuku za Papa Birindwa ziko na haraka, zinajua mukimbizi hana muda." Tukafanya ni sifa. Wachache walitoka na miguu iliyopinda, na tukasema ni mayai.

Sasa nikueleze ya Lilongwe. Ushirika wa wafuga kuku, wengi wao wanawake wa mtaa wa Mtandire, walisikia habari zako. Walitaka kuvezi kumi na mbili, lakini walisema hawanunui huruma, watapima kwanza. Nilifurahi hata kabla sijafika. Hatimaye watu wanaopima. Tulijua pia kwamba wakikataa, habari itafika kambini kabla yetu, na hapo meza yako ingekwisha kweli.

Waliweka injinia, Madamu Thokozani, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, mpole kwa namna inayokera. Akaingiza kipimajoto chake cha zebaki kando ya kihisi chetu, kati ya mayai. Tukasubiri. Chetu kilisoma thelathini na saba na nusu, pale pale kinapotakiwa. Chake kilisoma thelathini na nane na kidogo.

"Pepani, mayi," akaomba radhi kwa Kichewa, akiniita mama. "Inapishana kwa nusu digrii na zaidi. Kwa yai ni nyingi."

Papa, nililipuka. Nilimuuliza kipimajoto chake kilithibitishwa na nani. Nilimuuliza kama angethubutu kusema hivyo kuhusu mashine iliyotoka ng'ambo kwenye sanduku lenye nembo. Nilizungumza juu ya wanaodhani akili huishia kwenye uzio wa kambi. Wanawake wa ushirika walikuwa wakinitazama kama watu wanaongoja mvua ikatike. Dezire akaniinamia sikioni: "Mama, kuran ni mingi."

Nikaikata hotuba hapo hapo.

Madamu Thokozani hakukasirika. Aliuliza tu tunapataje alama ya juu. Nikamwambia, maji yanayochemka. Tunaandika ngapi? Tisini na tano. Kwa nini tisini na tano? Nikafurahi tena, kwa sababu hapo ndipo penye somo lako, na nikaanza kumpa lote kama ulivyonipa. Kwamba kitabu kiliandikwa pembeni ya bahari. Kwamba juu milimani hewa ni nyepesi. Kwamba kila mji una namba yake, kulingana na kimo chake, na mjinga ndiye anayebeba namba ya mahali pengine na kuibandika...

Sikumaliza sentensi hiyo. Niliisikia nikiwa katikati yake.

Tulishuka, Papa. Wewe na mimi na wote. Kutoka Bukavu mpaka hapa tulishuka mamia ya mita, na hewa ya hapa ni nzito kidogo kuliko ya kwetu, maji yake huchemka juu ya tisini na tano. Ulitufundisha kwamba namba ni ya mahali, na yako hukuihamisha. Ilitoka safi mno, mbili kamili, nani angeitilia shaka. Kwa miaka yote hiyo, kila kuvezi ya Dzaleka ilikuwa ikidhani iko Bukavu.

Dezire alikuwa ameshaelewa. Nilimwona usoni. Ningeweza kusema ni diodi mbovu, na injinia angekubali, diodi mbovu zipo. Jina lako lingebaki safi na mimi ningebaki mshindi. Nilifikiria hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha nikakumbuka yule wa kamera, na nilichomwambia juu ya chombo kinachopima.

Nikasema: fundi wetu alikosea. Namba aliyotumia ni ya kweli, lakini ni ya Bukavu. Kosa ni la alama moja ya juu, na tunalirekebisha leo kwa njia ile ile aliyotufundisha yeye.

 Madamu Thokozani akavua miwani. "Zikomo, mayi," akanishukuru. Halafu akasema amekagua mashine nyingi, na hii ndiyo ya kwanza ambayo mwenyewe aliweza kumwambia kosa liko wapi na ni kubwa kiasi gani. Akatuazima kipimajoto chake. Tulirudi nacho Dzaleka kikiwa kimelazwa kati ya kabichi, ndani ya kikapu cha mama mmoja kwenye minibasi, mimi nikikishika njia nzima kama mtoto mwenye homa. Unajua kwa nini. Tukachemsha maji kwenye meza yako. Tisini na sita na nusu, pungufu kidogo. Tukafuta alama, tukaandika upya, kuvezi zote, na zile za watu tukazifuata nyumba kwa nyumba.

Ushirika umechukua zote kumi na mbili. Vifaranga wanatoka siku ya ishirini na moja, miguu imenyooka. Yule mama wa kisimani analalamika kwamba kuku wa Papa Birindwa siku hizi wamekuwa wavivu kama kuku wa kila mtu.

Wapo walioniambia nimekuaibisha. Wanaume wawili wa jumuiya yetu, mmoja anafundisha shule. Niliwaambia mtu asiyepima hakosei kamwe, akae na usafi wake. Wewe ulipima. Bila kitabu cha maana, bila kioo chako cha zebaki, kwa barafu ya muuza soda na redio iliyokufa, ulikosea alama ya juu kwa digrii moja na nusu, na ukatuachia njia ya kuiona. Nitajie waheshimiwa wa huku na kule waliokosea kwa kiasi hicho tu.

Kuvezi yako ya kwanza, ile yenye mbao za sanduku la sabuni, hatukuigusa. Hatutotoleshi nayo tena. Iko kwenye rafu, na alama yako ya kalamu nyekundu iko pale pale, 95.

Nakuaga hapa, Papa. Lala vizuri. Nakuahidi jambo moja, na Dezire ni shahidi: njia ya kurudi ikifunguka nami ningali hai, nitachomoa kihisi cha kuvezi mojawapo tuliyoirekebisha, nikifunge kwenye soksi, nipande nacho mpaka Bukavu. Nitawasha mbabula, nitaweka sufuria, nitangoja maji yatokote. Kisha nitasoma mita kwa sauti, tisini na tano, ili mtaa mzima usikie kwamba hukukosea.

Avoka wako,
Nabintu